Radhi ya Kwenda Kwenye Nyota

Enzi zetu sayari zilikuwa tisa, na zilitutosha. Ukizitaja zote bila kugugumia mbele ya darasa la tano, pale Kilwa Kivinje, ulipigiwa makofi ukarudi kukaa ukijiona profesa. Siku hizi mwanangu Idrisa ananiambia Pluto imeondolewa kwenye orodha, bila hata kuitwa kwenye kikao ijitetee. Kisha ananionyesha kwenye simu maelfu ya sayari zinazozunguka nyota za mbali. Huyo huyo nikimtuma chumvi dukani anapotea.

Habari ya sayari za mbali ilitufikia kwa Mwalimu Mbwana, aliyeisikia redioni: wataalamu wamegundua sayari inayozunguka nyota nyingine kabisa, si jua letu. Mimi na Rehema, binti wa mama yangu mkubwa, tukaamua kwenda. Tulipanga safari wakati wa mapumziko huku tukitafuna mihogo ya kuchoma, vidole vikituwasha kwa pilipili. Chakula kingekuwa pweza mkavu, maana haozi. Maji tungebeba kwenye madumu. Kibla kilitusumbua wiki nzima, mpaka Rehema, ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa madrasa, akakata shauri kwamba tutaswali tukiielekea Dunia, kwa kuwa Makka imo humo humo.

Tukamuuliza Mwalimu Mbwana safari itachukua muda gani. Akasema hata chombo chenye kasi kuliko vyote kitakwenda maelfu kwa maelfu ya miaka. "Mtakaoondoka hamtarudi," alisema, "na watakaofika si nyinyi. Ni vilembwe vya vilembwe vyenu." Darasa zima likacheka. Sisi wawili tukaona ni suala la kujiandaa vizuri tu.

Na kujiandaa kwa watu wa kwetu si kufunga mizigo. Mtu akienda safari ambayo huenda asirudi, kama wale wa Hija, hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na aliyemkosea humtajia kosa lenyewe. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa mkali sana kwa hilo. Basi Ijumaa moja baada ya swala tukajifunga mitandio ya sikukuu, tukaanza kuaga mtaa.

Rehema hakuwa na aibu. Alitaja maandazi aliyodokoa na kuku aliowarushia mawe, na watu wakacheka wakasema, "Tumekuwieni radhi, wanetu. Mkatusalimie wa huko." Mimi nilikuwa na kosa moja tu la maana, nalo lilikuwa kwa Bi Salama.

Bi Salama alikuwa jirani yetu wa ua mmoja. Mbuzi yake ya kukunia nazi ilipotea, na wa mwisho kuiazima alikuwa Bibi. Bibi akaapa kwamba aliirudisha. Bi Salama akajibu kwamba kitu hakijinyanyui chenyewe. Tangu siku hiyo, karibu mwaka mzima, mashoga wale wa tangu usichana hawakusalimiana. Aliyeichukua ni mimi, Bibi akiwa ameshairudisha. Niliipeleka pwani kwenye mchezo wa kupikapika, nikaisahau, maji yakajaa yakaenda nayo. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na mlezi mwingine ila Bibi, na niliogopa atakavyonitazama akishajua.

Nilisimama mlangoni kwa Bi Salama. Nikasema yote bila kupumua. Akanishika mkono, akavuka ua, akabisha hodi kwetu. Bibi alikuwa akipepeta mchele, wala hakuinua uso.

"Shoga," Bi Salama alisema, "nimekuja kuomba radhi."

Bibi akapepeta mara mbili zaidi. "Kwani na wewe unakwenda huko kwenye nyota?"

Walicheka mpaka wakatokwa machozi. Kisha Bi Salama akamweleza nilichofanya, wakanichapa, mmoja baada ya mwingine, na sijawahi kuchapwa nikiwa na furaha kiasi kile.

Sasa Idrisa ananisomea vikwazo vya safari za nyota: miale inayodhuru, chakula, watu kulazwa usingizi wa miaka mingi njiani. Sijasikia anayeuliza wataaga vipi. Vijana wenyewe wanahama Kivinje kwa ujumbe wa simu, mama anausoma basi likiwa limeshavuka Rufiji. Huwa nawasema sana, kisha nakumbuka yangu mwenyewe. Rehema anaishi Kilwa Masoko. Kwenye harusi ya bintiye niliona nimedharauliwa, nikatoa maneno mbele za watu ambayo hayakustahili kutoka kinywani mwangu. Huu mwaka wa tatu hatusemezani. Magari ya Masoko yanapita mbele ya mlango wangu tangu alfajiri, nusu saa na ushei umefika. Sijapanda hata moja.