Alama Mbili Pungufu

Ujumbe uliingia nikiwa namweleza mzee mmoja mfugaji namna ya kuwapa mbuzi wake dawa ya minyoo. Nina duka la dawa za mifugo hapa Garsen, na siku ya mnada sipati hata nafasi ya kukaa. Simu ikatetema juu ya meza. Nikaitupia jicho, nikaona unatoka kwa ile shule, nikaufungua palepale mbele ya mteja.

Ulisema wanasikitika. Ulisema mwanangu amepata alama sitini na nane, na kiwango chao cha kuingia ni sabini.

"Mama dawa," mzee akaniita, "hii kubwa inapewa ngapi?"

Nikamweleza. Nikamchorea mstari kwa kalamu kwenye bomba la sindano, mbuzi mkubwa mpaka hapa, mdogo mpaka hapa, na nikamfanya arudie maneno yangu mpaka nikaridhika. Sikukosea kipimo. Hilo nalikumbuka kwa sababu kichwani hamkuwa na kitu kingine ila mbili, mbili, mbili.

Shule yenyewe ni ya bweni, ya wasichana, iko upande wa Malindi. Ina maabara, ina maktaba, na inachukua wachache. Ukitaka kuingia lazima ufanye mtihani wao wenyewe, ambao huku sote tunauita intavyuu. Binti yangu alikuwa anamaliza gredi ya sita, na wazo lilikuwa lake. Alilisikia kwa mwalimu wake, akalileta nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anaamka kabla yangu kufanya hesabu. Baba yake analima mashamba yetu kule Hewani, kando ya mto, na huja Garsen kila mwisho wa wiki. Siku ya mtihani aliacha mpunga unangoja kuvunwa akampeleka yeye mwenyewe. Walirudi wanacheka. Mtoto alituambia maswali yalikuwa mazuri, akayasifu kama mtu anayesifu chakula.

Saa saba alipofika dukani na sare yake ya shule, nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia. Sikuyahitaji. Aliniangalia usoni mara moja.

"Ngapi?" akauliza.

"Sitini na nane."

"Wanataka ngapi?"

"Sabini."

Akanawa mikono. Akafunua sahani niliyomwekea, akala wali wote, akaosha sahani. Kisha akapita nyuma, stoo, ninakoweka magunia ya chumvi ya ng'ombe, akafunga mlango. Nilimsikia. Nilihudumia wateja wawili nikiwa namsikia, halafu nikawaomba waliobaki wanisubiri, nikaingia, nikakaa sakafuni karibu naye. Sikumwambia anyamaze. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kulia.

Kilichonichosha kilikuja baada ya hapo. Habari ilienea, na watu wakaanza kuja kutupa pole. Walikuja mmojammoja, wengine na unga, wakakaa na nyuso zao za matangani, wakazungumza kwa sauti ya chini huku mtoto yuko palepale anasikia. Mmoja akasema Mungu ana mipango yake. Mwingine akasema angalau alijaribu. Siku ya tatu akaja wifi yangu, dada ya mume wangu, mwanamke ninayempenda na ambaye amenisaidia kulea watoto wangu wote.

"Wifi, msijilaumu," akasema. "Watoto wa huku kwetu wana mwisho wao. Hizo shule zina wenyewe."

Nilikuwa nachambua mchicha. Nikauweka chini.

"Wifi, nakuheshimu. Lakini hilo neno usilirudie katika nyumba hii. Na hizi pole zimetosha. Hapa hakuna aliyekufa."

Akakasirika, akaondoka bila kumaliza chai. Sikumfuata. Kuanzia siku hiyo, kila aliyefika mlangoni na pole nilimkaribisha, nikamwambia kama amekuja kututembelea apite, na kama amekuja kuomboleza basi amekosea nyumba. Wengine walicheka. Wengine walisema nina kiburi. Nilikuwa nacho, na nilikihitaji.

Wiki iliyofuata nilifunga duka nikaenda Malindi. Sikumwambia mtu ila mume wangu. Kwenye simu aliniuliza naenda kufanya nini, nikamjibu naenda kuuona huo mtihani kwa macho yangu. Akasema, "Vaa viatu vizuri."

Naibu wa mwalimu mkuu alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Aliniambia mitihani haisahihishwi upya, hiyo ndiyo sheria yao, na nikasema sikuja kuomba asahihishiwe. Nimekuja kusoma. Akafikiri, kisha akaenda kwenye kabati, akaleta karatasi za mwanangu, akaniwekea mbele.

Hesabu zilikuwa safi mpaka swali la asilimia, hapo amepotea. Kiingereza kizuri. Sayansi nzuri sana. Halafu nikafika kwenye insha. Walikuwa wameambiwa waandike kuhusu safari waliyoifurahia. Binti yangu alikuwa ameandika kuhusu mafuriko, ule mwaka mto ulipovunja kingo na barabara ikafunikwa. Yeye na baba yake walimtoa bibi Hewani kwa mtumbwi, pamoja na kuku wake na mbuzi wanne, wakampeleka mahali pa juu. Alieleza jinsi walivyopita juu ya shamba letu wenyewe, akaona vichwa vya mahindi chini ya maji, akachovya mkono akavigusa. Alieleza jinsi bibi alivyoimba njia nzima ili mbuzi wasiruke. Mwishoni aliandika kwamba aliifurahia safari hiyo kwa sababu waliingia wote kwenye mtumbwi na wakashuka wote.

Chini yake, kwa kalamu nyekundu, msahihishaji ameandika: *Hii si safari ya kufurahia. Nje ya mada.*

Niliisoma mara mbili. Nikamuuliza yule mama kama naweza kupata nakala. Akasema hapana, karatasi haziruhusiwi kutoka.

"Basi nipe dakika chache," nikamwambia.

Nikatoa kwenye mkoba daftari ninaloandikia vipimo vya dawa, nikafungua ukurasa mweupe, nikaanza kuinakili insha ya mwanangu neno kwa neno. Yule mama alinitazama. Nilidhani atanizuia. Akainuka, akafunga dirisha ili upepo usipeperushe karatasi, akarudi kukaa.

Nilipomaliza akasema, "Mama, mimi nimezaliwa mjini. Na aliyesahihisha pia. Sitasema zaidi ya hapo."

"Sema tu kwamba mmeisoma."

"Nimeisoma," akasema. "Mwakani anaweza kujaribu tena, akirudia darasa."

"Harudii darasa. Amefaulu darasa lake."

Jioni, mume wangu alipofika kutoka Hewani, nikawakalisha wote nikawasomea. Mume wangu alikuwa ndiye mwenye kasia siku ile ya mafuriko. Nilipofika pale pa mahindi chini ya maji alitoka nje, akakaa huko kwa muda. Nilitegemea binti yangu afurahi. Alikuwa amekunja uso.

"Kwa nini ulienda, Mama?"

"Kwa sababu walikuonea."

"Kwenye insha walinionea," akasema. "Ile nzuri, mimi najua ni nzuri. Lakini hesabu ya asilimia nilikosea mwenyewe. Niliiona rahisi nikaikimbilia. Ningeipata hiyo ningeingia hata na insha yao mbaya. Usiwaambie watu nimeonewa yote."

Nilikuwa nimerudi kutoka Malindi nimejaa hasira kama gunia lililoshonwa, na mtoto wa miaka kumi na miwili ameligawa mara mbili mbele yangu: hii yao, hii yangu. Nikamwambia sawa. Kuanzia Jumamosi hiyo tukawa tunafanya asilimia dukani, yeye na mimi, kwa chupa za dawa: hii ina nguvu kiasi gani, ukiongeza maji kiasi gani inashuka mpaka wapi. Alinishinda kabla ya mwezi kwisha.

Mwezi wa kwanza, siku ya kufungua shule, wasichana waliopata nafasi waliondoka na basi la asubuhi. Walikuwa wawili kutoka shule yake, na mmoja wao ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wifi yangu, ambaye tulikuwa tumeshapatana, alinishauri nimpeleke mtoto Hewani siku hiyo, asione. Nikamuuliza mwenyewe.

"Nitaenda stendi," akasema.

Akaenda na sare yake mpya ya gredi ya saba, ya shule ya hapahapa Garsen. Niliwaona kwa mbali kutoka mlangoni kwa duka. Sanduku la rafiki yake lilikuwa la bati, zito, na binti yangu ndiye aliyeshika upande mmoja kulipeleka kwenye buti. Watu walimtazama. Kuna mama alimwinamia na kumshika kichwa kwa huruma, nikamwona anajitoa chini ya ule mkono, kwa adabu, na kuendelea kusukuma sanduku. Basi lilipoondoka alipunga mkono mpaka likapinda, kisha akanyoosha sketi yake akatembea kwenda darasani kwake. Hakupita dukani. Nilimwacha.

Sitasema mambo yamekuwa mepesi. Muhula wa kwanza hawakuwa na mwalimu wa sayansi kwa wiki nyingi. Yeye na wenzake watatu walikuwa wanagawana kitabu kimoja, na ilibidi wazazi twende kwa mwalimu mkuu mara mbili, mara ya pili tukiwa wengi na hatukuwa wapole. Mwalimu akaletwa. Rafiki yake akirudi likizo humsimulia kuhusu maabara, na binti yangu husikiliza, huuliza maswali mengi, na baadaye hukaa kimya siku nzima. Simtoi kwenye kimya hicho. Kuna siku nami hukasirika upya bila sababu, nikiwa napanga chupa tu.

Sasa yuko gredi ya nane. Juzi nilimuuliza, tukiwa tunafunga duka, kama wakati wa kwenda sekondari ya juu ukifika angependa kuijaribu tena ile shule.

Aliendelea kupachika kufuli. "Nitaenda kwanza kuona jinsi wanavyofundisha," akasema. "Wao walinipima. Na mimi nitawapima."

Kisha akanipa funguo, akaniuliza usiku tutakula nini.