Vidole vya Mtoto wa Uwase

Mwaka 1992, ukijifungua pale Gitega, kabla hujaulizwa jina la mtoto ulishaulizwa, "Zaituni umekwishamwita aje?" Yeye ndiye aliyewakanda watoto wa mtaa ule. Anapaka samli viganjani, anavuta mkono, anavuta mguu, anakizungusha kichwa kwa viganja mpaka kikae sawa. Mtoto akitawanya vidole, Zaituni hucheka na kumwambia, "Kua, baba, kua!" maana anajinyoosha huyo, anakua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake hakuwa mtu wa kubishiwa. Wa kwanza kumkanda alikuwa mwanawe mwenyewe, Muhire, aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba akafia mapajani mwake siku ya tisa, samli haijakauka mwilini. Watu walisema Mungu amempenda zaidi, naye akakubali.

Kazi ya mshahara aliifanya katika hospitali moja pale mjini, wadi ya watoto njiti. Alikuwa msaidizi wa wauguzi: kufua nepi, kupima uzito na kunyamaza. Basi mtawa muuguzi, Masera Kaliza, aliporudi kutoka masomoni na kutangaza kwamba atawafundisha wote namna ya kuwagusa na kuwakanda watoto waliomo kwenye kuvezi, yale masanduku ya joto, Zaituni alicheka moyoni. Kumfundisha yeye kukanda! Somo la kwanza alilisikiliza kwa sikio moja, na kwa hilo nitamlaumu mpaka kesho.

Mkuu wa wadi, Dokta Rutayisire, hakulitaka somo lenyewe. Alisema watoto hawa wakiguswaguswa wanasahau kupumua. Alimpa Masera wiki mbili tu. "Mmoja akizimika mikononi mwenu, nalifunga. Na aliyemgusa anakwenda kwao."

Siku ya nne zamu ya Zaituni ilimwangukia mtoto wa Uwase. Uwase alitoka Kabuga, alikuwa ameshazika wawili, na huyu binti wa tatu alikuwa na kilo moja na kidogo. Mama mtu hakuthubutu kuingia. Alisimama nje ya kioo, kana kwamba macho yake tu yangeweza kumdhuru.

Zaituni alinawa, akaipasha mikono joto, akaiingiza ndani ya kuvezi. Masera alimwambia aweke kiganja kimoja kichwani, kingine miguuni, kisha atulie. Akatulia kidogo. Halafu mikono ikafanya ilichozoea, ikaupata mguu na kuuvuta taratibu. Mtoto akatawanya vidole.

"Kua, mama, kua," akanong'ona, akauvuta na wa pili.

Midomo ya mtoto ikageuka buluu. Kifua kikasimama. Masera alimsukuma Zaituni kando, akamgonga mtoto nyayo kwa kidole, mara moja, mara mbili, kimya. Akachukua mpira wa kusukumia hewa. Zaituni alikuwa ameganda ukutani, na kule nje Uwase ameziba mdomo kwa kitenge. Ilichukua muda mrefu mno kabla kifua kile hakijapanda chenyewe.

Dokta alifika mbio. "Nani?"

"Somo ni langu," alisema Masera.

Zaituni angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Si yeye, Dokta. Yeye alisema nitulie. Mimi nilivuta, vile tunavuta kwetu. Mtoto alitawanya vidole, nikaona anafurahi."

"Alikuwa anaomba uache," Masera alisema polepole. "Vidole vikitawanyika hivyo, amechoka. Nilisema siku ya kwanza."

Zaituni alishika meza. Neno lile lilimchoma mahali ambapo Masera hakupajua.

"Nenda kwenu," Dokta alisema.

"Akienda huyu, kesho mwingine naye atavuta," alijibu Masera. "Wauguzi wote humu walikandwa hivyohivyo utotoni. Mwache arudie mbele yako."

Dokta alimgeukia Uwase, aliyekuwa amesogea mlangoni. Mama ndiye aamue, alisema, akitarajia kusikia hapana.

"Huyu mama iko nasema ukweli," Uwase alisema. "Wale wawili yangu, hakuna mtu alisemaga nini iliwaua. Akamate yeye."

Kesho yake asubuhi Dokta alisimama na saa mkononi. Zaituni aliweka mikono, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona kutofanya kitu kunavyochosha. Jasho lilimtoka. Mikono ilitaka kuvuta, akaikataza. Dakika ya tatu vidole vikatawanyika, vidogo vile, vitano na vitano. Zaituni akailegeza mikono, akaitoa bila haraka, akangoja huku amezuia pumzi yake mwenyewe. Kifua cha mtoto kikaendelea kupanda na kushuka. Vidole vikakunjika.

"Endeleeni," Dokta alisema, akatia saa mfukoni na kwenda zake.

Ndipo Uwase alipoingia. Zaituni alimwosha mikono kama anavyooshwa mtoto, akaiongoza hadi kwenye ngozi ya binti yake. Uwase alilia bila sauti.

"Vidole vikitawanyika unaacha, mwanangu. Papo hapo."

"Ni Masera alikufundisha ile, Mama Zaituni?"

"Masera alinifundisha jana." Zaituni hakuondoa macho kwenye vile vidole. "Aliyeniambia kwanza ni mwanangu Muhire, akiwa na siku tisa. Nami nikamjibu, kua."