Ngazi Kumi na Tisa za Winchi

Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kufunga kamba. Kivuko kikifika anadaka kamba, anaizungusha mara tatu kwenye nguzo ya chuma, anateremsha ubao wa kupitia, basi. Ndivyo ilivyosema barua ya ajira miaka thelathini na moja iliyopita, na haikuwa na neno hata moja juu ya kubeba watu. Lakini gati lile lilijengwa na watu ambao, kwa kuliangalia tu, hawakuwahi kuwa na bibi mwenye magoti mabovu. Kutoka barabarani hadi majini kulikuwa na ngazi kumi na tisa za saruji, nyembamba, zilizolika kingo, na zile za chini zilikuwa na utelezi mwaka mzima. Reli ya kushikia iling'oka zamani na hakuna aliyeirudisha. Anayeweza kushuka alishuka. Asiyeweza alisimama juu akitazama huku na huku, mpaka mfunga kamba apande, achutame mbele yake na kusema, "Haya, panda mgongoni, tusije tukaachwa."

Ndipo wakamwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za mshahara. Alibeba wazee, alibeba waliovunjika miguu, alibeba mwalimu mstaafu asiyeona. Alimbeba mshona viatu asiye na miguu, ambaye kila asubuhi alianza kusimulia habari za redio akiwa ngazi ya kwanza, na akiona wanakaribia chini hajamaliza alimwomba Winchi apunguze mwendo. Kiti chake cha magurudumu kilifuata nyuma mikononi mwa abiria yeyote asiye na mzigo.

Na kwa miaka miwili sasa, kila Jumatatu na Alhamisi, Winchi alimbeba mkewe.

Mama watoto alipatwa na kiharusi akiwa anaanika nguo. Mkono ulirudi, ulimi nao ulirudi na ukali wake wote, ila mguu wa kushoto uligoma. Mazoezi ya mguu yalipatikana hospitali ya ng'ambo tu. Sasa Winchi alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu, na mgongo wake ulikuwa umeshastaafu kabla yake. Asubuhi alitoka kitandani kwa awamu: kwanza ubavu, halafu kiwiko, halafu anangoja kidogo maumivu yakubali. Nyumbani hakumwambia mtu, alijikaza kisabuni. Kilichomkosesha raha kilikuwa swali moja: yeye akiondoka gatini, nani atambeba mama watoto? Mwenzake wa zamu ya pili alikuwa na ngiri, hata ndoo ya maji alikuwa akiikwepa.

Kwa hiyo lilipowekwa bango kwamba gati litajengwa upya ili kila mwananchi apite bila shida, Winchi alilisoma mara nne. Mchoro ulionyesha njia ya mteremko, pana, yenye reli pande zote mbili, ikiishia kwenye jukwaa linaloelea linalopanda na kushuka pamoja na maji. Mtu mwenye kiti cha magurudumu angejisukuma mwenyewe kutoka barabarani mpaka ndani ya kivuko. Alipeleka habari nyumbani karibu mbio.

"Mpaka nione," mama watoto akasema.

Hakuona. Baada ya miezi mitatu ukabandikwa mchoro wa pili, na njia ya mteremko haikuwemo. Kulikuwa na ngazi mpya, paa, mabenchi, taa, na vibanda sita vya biashara vilivyopakwa rangi nzuri. Winchi akamfuata msimamizi wa gati ofisini, kofia mkononi.

"Bosi, njia ya mteremko imekwenda wapi?"

"Imeondolewa. Wanasema haina haja." Msimamizi alikuwa mtu mwema, ila mbele ya karatasi yenye mhuri alikuwa hana lake. "Waliomba daftari letu la matukio la miaka kumi, tukawapelekea. Si wewe mwenyewe uliyekuwa unaliandika? Shida za abiria kwenye ngazi: hakuna. Kila siku, hakuna. Miaka kumi, Winchi."

Ni kweli aliliandika yeye. Kila mwisho wa zamu, akiwa hoi, alifika kwenye ule mstari wa ngazi na kuandika neno lile lile, tena kwa fahari. Shida, kwa watu wa gatini, maana yake ni mtu kuanguka, na mikononi mwake hajawahi kuanguka mtu. Waliobebwa hawakuwa shida, walikuwa kazi. Haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba kuna mtu mezani, mbali na pale, atasoma "hakuna" na kuelewa kwamba gati lile wanapita watu wenye miguu mizima tu. Alirudi nyumbani amejikasirikia kiasi cha kushindwa kula.

Mama watoto alipoambiwa alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaacha kucheka.

"Umetuficha sote," alisema.

"Sikumficha mtu. Niliwabeba."

"Ndiyo nasema hivyo."

Wahandisi wangekuja Alhamisi kukagua kwa mara ya mwisho kabla ya kutia saini. Winchi akasema atazungumza nao. Mkewe akamwangalia kwa huruma, maana ulimi wa Winchi mbele ya wakubwa ulikuwa mzito kuliko abiria wake wote.

"Wewe usiseme kitu. Siku hiyo usimbebe mtu, basi. Sisi tutasimama juu, na wao watatuona."

"Na wewe nisikubebe?"

"Kwani mimi si mtu?"

Alhamisi wakaja watatu na kofia zao ngumu, wakiongozwa na mhandisi mwanamke aliyebana mchoro kwapani. Kivuko kikafika. Winchi akadaka kamba, akafunga, akateremsha ubao, kisha akakaa juu ya ile nguzo ya chuma na kutazama maji. Abiria wakashuka na kuingia. Juu wakabaki mshona viatu kwenye kiti chake, mwalimu na fimbo yake, mama watoto na gongo lake, na wengine wawili ambao hawakuwa na habari ya mpango wowote.

"Winchi, leo vipi?" mmoja wao akauliza.

"Kamba nimefunga," Winchi akajibu, na sauti haikuwa yake.

Nahodha akapiga honi. Mhandisi akamgeukia msimamizi. "Tunangoja nini?"

"Hawa... huwa wanabebwa."

"Na nani?"

Msimamizi akaonyesha kwa kidevu. Mhandisi akamtazama yule mzee mwenye mvi aliyekaa kwenye nguzo, akawatazama wale watu watano, akazitazama ngazi. "Kila siku?"

"Kila kivuko."

Mpango wao uliishia hapo. Wangesimama, wangeonekana, ingetosha. Lakini miadi ya hospitali haingoji, na mama watoto ni kichwa kigumu. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akalaza gongo mapajani, akakusanya sketi, akaanza kushuka kwa makalio.

Winchi akasimama.

"Kaa," mkewe akasema.

Akakaa. Alikalia mikono yake mwenyewe ili isimponyoke. Mama watoto aliuchukua ule mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka ngazi ya chini kama mzigo wa mtu mwingine, kisha akaufuata. Tena. Na tena. Winchi alikuwa akizimaliza ngazi zile kwa nusu dakika. Sasa aliziona moja moja, na alitaka ardhi immeze. Kwenye ngazi ya kumi na nne, pale utelezi unapoanzia, mama watoto aliteleza, akapigwa na saruji ngazi mbili mfululizo. Winchi alikuwa ameshanyanyuka. Mkewe akainua kidole kimoja, na yeye akabaki amesimama hivyo hivyo, mikono imening'inia bila kazi.

Mhandisi alikuwa ameshuka mpaka ubavuni kwake, hajui pa kuweka mikono. "Mama, nikusaidie?"

"Nisaidie kwenye huo mchoro," mama watoto akasema huku anahema.

Zilikwenda dakika kumi na moja, kisha kivuko kikaondoka naye, wale wanne wakibaki juu. Baadaye mhandisi aliagiza daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa ngazi. "Mzee, hapa 'hakuna' maana yake nini?"

"Hakuna aliyeanguka."

"Na waliobebwa?"

"Hawakuwa na mahali pa kuandikwa."

Mhandisi akatandaza mchoro juu ya pipa, akakata vibanda viwili kwa kalamu nyekundu, akarudisha njia ya mteremko, akatia saini mbele yao. Alisema ujenzi utachukua miezi kumi na minne. Winchi akashukuru kwa heshima zote, na moyoni akatoa miwili aliyobakiza kazini, ikabaki kumi na miwili.

Kivuko kilipomrudisha mama watoto alasiri, wahandisi walikuwa wameshaondoka na ngazi zilikuwa zile zile. Kushuka kwa makalio kunawezekana, kupanda, hapana. Winchi akachutama, mama watoto akapanda mgongoni. Ngazi ya tisa mgongo ukakaza, goti likacheza, akasimama.

"Mgongo umekataa," alisema. Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo.

"Nishushe."

"Hapa? Watu wanapita."

"Wapite."

Akamshusha taratibu, akakaa kando yake. Abiria wakagawanyika kulia na kushoto, wengine wakinung'unika.

"Unakuuma tangu mwaka jana," mama watoto akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikanyamaza, nikawa napanda tu. Ningefanyaje, na mimi sina mwingine?"

Winchi akamshika mkono, wakakaa pale pale katikati ya njia. Mtu mmoja aliyebeba gunia akawauliza kama wanaendelea au vipi.

"Pita tu, ndugu," Winchi akasema. "Sisi bado kumi."