Anajua pa kula Mpanda nzima, isipokuwa kwa mkwewe

Treni ya kutoka Tabora inaingia stesheni ya Mpanda ikiwa imechelewa, na abiria wanashuka na sura za watu waliolala wamekaa. Madereva wa bajaji wanawavamia. Huyu anavuta begi, yule anataja nyumba ya wageni, mwingine anamwita mama wa watu shangazi ili mradi apande kwake.

Ladislas Bukuru hashiki begi la mtu. Amekaa kwenye kiti chake, mguu mmoja nje, anatazama. Anamchagua mwanaume mnene wa kaunda suti aliyesimama akigeuka huku na huku, anamuuliza neno moja tu.

"Umekula?"

Mwanaume yule anatikisa kichwa kama mtoto aliyeulizwa na mama yake. Anapanda. Nauli itazungumzwa njiani.

Kwa leseni, Ladislas, mwenye miaka arobaini na mmoja, ni dereva wa bajaji. Kwa sifa ya mjini, ndiye mtu wa kumuuliza pa kula. Wageni wanaokwenda mbugani Sitalike, maofisa wa semina, madereva wa malori, hata mapadri, wote wanapewa namba yake ya simu na mtu aliyewatangulia.

Alizaliwa Katumba, kwa wazazi waliotoka Burundi na ambao sasa ni raia. Shule aliiacha mapema akawa utingo kwenye malori ya samaki ya njia ya Karema. Anasema huko ndiko alikosomea.

"Utingo halipwi, analishwa," anasema. "Na ukila vibaya safarini, gari halisimami kila unapotaka wewe. Kwa hiyo unajifunza haraka."

Haangalii bango wala viti. Akifika mahali pageni anauliza kuna nini. Wakimtajia kila kitu, pilau, biriani, samaki, kuku na makange, anaaga.

"Mahali pazuri wanakwambia kimeisha," anasema. "Chakula ambacho hakiishi, jua watu wamekikimbia."

Kijana mmoja wa semina aliwahi kumwomba ampeleke kwenye pizza. Ladislas hakumcheka. Alimpeleka Kawajense kwa mwanamke anayekaanga maini na chapati mbele ya nyumba yake. Kijana alikula chapati nne, akafungiwa mbili kwenye gazeti, na pizza haikutajwa tena.

Juu ya hayo yote ana sharti moja, ambalo wenzake wa kijiweni wanalijua kama jina lake: hampeleki mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hajala.

Sharti hilo lina historia. Miaka ya nyuma, kwa kusikia sifa tu, aliipeleka timu ya mpira kutoka wilaya jirani kula wali sehemu fulani kabla ya mechi. Kipindi cha pili hakijafika katikati, wachezaji walikuwa wanatoka uwanjani mmoja mmoja bila kadi. Kipa aliondoka mpira ukiwa unakuja. Tangu siku hiyo Ladislas hakubali maneno ya mtu. Anakubali ulimi wake.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mama mkwe wake alipofungua kibanda cha chakula.

Bi Nyanzala ni Msukuma wa Sitalike, mjane, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Mwaka jana aliona mgongo umechoka na jembe. Akauza ng'ombe na mpunga wake wote, akahamia mjini, akajenga kibanda nyuma ya ukuta karibu na stesheni. Hakubakiza kitu cha kurudia. Kibanda kikifa, naye anarudi shambani kwa watu, kulima kibarua.

Alichagua pale kwa hesabu rahisi. Abiria wa treni wana njaa, na anayewapeleka kula ni mume wa binti yake.

Lakini kwa ukoo wa Nyanzala, mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anapisha pembeni. Mkono hawapeani. Mkwe akimwona mama mkwe akitafuna, au mama mkwe akimwona yeye akilamba vidole, hiyo ni aibu ya kuitishia wazee. Ladislas alipomuoa Recho aliambiwa yote hayo, akayakubali mbele ya watu. Hakujua kwamba iko siku yatagongana na bajaji.

Hawezi kula pale. Asipokula, hawezi kupeleka mtu. Asipopeleka mtu, mkwewe anafilisika hatua chache kutoka anapopaki.

Kijiweni walifurahi sana. Josephat, dereva mwenzake, alikuwa akimuuliza kila siku mama huyo alimkosea nini. Wengine walisema labda mahari haijaisha.

Ladislas alijaribu njia. Kwanza alimtuma Josephat akaonje. Josephat alirudi akifuta mdomo, akasema chakula kitamu mno. Tatizo ni kwamba Josephat alishawahi kusifia uji wa hospitali. Ushahidi wake ukatupwa.

Akamuuliza mkewe. Recho alisema mama yake anapika kuliko mwanamke yeyote Katavi. Ladislas akamjibu kwamba huyo ni mtoto anamsifia mama yake, na hata mahakamani hapokelewi. Maneno hayo aliyasema akiwa na njaa, na anakiri hayakuwa na akili.

Kuanzia jioni ile, nyumbani kwao maharage yalikuja bila chumvi.

"Nikamuuliza mke wangu, vipi mama Elia," anasimulia. "Akaniambia, si unaonja kwanza ndipo unasifu? Haya, onja."

Njia ya mwisho aliiona nyepesi: chakula kifungwe kwenye hotipoti, akakile nyumbani. Nyanzala alikataa, na jibu lake lilimfikia kwa kinywa cha Recho. Alisema chakula kinachopelekwa kwa mkwe ni heshima, anakipika kwa mkono mwingine, kwa kuku aliyemchagua mwenyewe. Hicho si cha biashara. Akila hicho akawaambia watu ndicho kinachouzwa pale, atakuwa amewadanganya.

Jambo lililomuuma Ladislas ni kwamba mama alikuwa sahihi. Ni sababu ileile ambayo yeye mwenyewe angeitoa.

Hivyo wakakaa, kila mmoja na msimamo wake, huku masufuria ya Nyanzala yakirudi nyumbani yakiwa mazito kama yalivyotoka. Wiki ya Pasaka ilipokaribia, Recho alimwambia mumewe kwamba mama ameanza kuulizia bei za nauli ya Sitalike.

Ndipo ikaja kwaya.

Siku hiyo treni ilichelewa kupita kawaida yake, ikafika jua limeshapinda. Ilimshusha mwalimu Enoka na kwaya yake kutoka Urambo, watu wazima na mavazi yao ya kijani, waliokuja kuimba kwenye uzinduzi wa kanisa. Enoka alikuwa na namba ya Ladislas mfukoni. Ladislas akaiacha kwaya kivulini, akampakia mwalimu, wakaenda kutafuta.

Kawajense kwa mama wa maini: kimeisha. Kwa mzee wa supu: kimeisha, ameshaosha sufuria. Sokoni kwa dada wa ndizi nyama: zimebaki ndizi, nyama imeisha. Kila mahali pazuri palikuwa pamefanya kile ambacho mahali pazuri hufanya. Ladislas alirudi stesheni akiwa amepigwa na kanuni yake mwenyewe.

Waimbaji walikuwa wameshasikia harufu. Ilitoka nyuma ya ukuta, harufu ya samaki, migebuka ya ziwani ikikaangwa.

"Kaka, si chakula hicho hapo?" Enoka aliuliza.

Ladislas akamwambia hajawahi kula pale. Enoka akamwambia basi ale. Ladislas akamweleza kwa nini haiwezekani, na sauti ya kwanza yote ikaanza kucheka, ya tatu ikadakia. Mama mmoja mnene wa sauti ya pili hakucheka. Alisema kwamba yeye ana vidonda vya tumbo, na wakwe hao wamalizane.

Recho alikuwa kibandani akimsaidia mama yake, na alisikia kila neno. Akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Elia, rudisha bajaji kinyumenyume," alisema. "Kaa kiti cha nyuma, shusha turubai, uangalie reli."

Akarudisha. Mgongo wa bajaji ukaelekea kibanda, maturubai yakashushwa pande zote. Nyanzala naye akajifunika khanga kichwani, akageukia ukuta. Recho akapitisha sahani kwa pembeni: ugali, mgebuka mmoja, mlenda, na kachumbari. Ilikuwa sahani ya biashara, imepakuliwa kutoka sufuria ileile.

Kwaya nzima ikasimama ikitazama bajaji. Hakukuwa na cha kuona ila turubai likitikisika.

Ladislas anasema alikula polepole, kwa sababu alikuwa anaogopa. Angeweza kusema kizuri tu, yaishe, chumvi irudi nyumbani. Angeweza pia kukuta kibaya kweli, na hapo hakuwa na pa kukimbilia, maana yuko ndani ya bajaji na watu wamemzunguka.

Mwishowe sauti ikatoka.

"Mama Elia, mwambie mama ugali uko sawa. Samaki sijala kama huyu tangu niko Karema. Mlenda nitaomba tena." Akasikika akitafuna. "Lakini mwambie kachumbari imelala."

Recho hakuwa na haja ya kupeleka ujumbe, maana mama yake alikuwa umbali wa kunyoosha mkono. Akaupeleka hata hivyo, maana ndiyo heshima. Nyanzala akajibu akiwa ameutazama ukuta.

"Mwambie mkwe imelala kwa sababu jana hakuleta mtu."

Kwaya ilivunjika mbavu. Josephat, aliyesogea kutoka kijiweni, alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. Turubai likainuliwa kidogo na mkono ukatoka ukiwa na sahani tupu.

"Waingie wale," Ladislas alisema.

Walikula mpaka Recho akakwangua masufuria. Enoka alipoomba nyongeza, Nyanzala alitamka neno ambalo tangu afungue kibanda hakuwahi kulitamka.

"Kimeisha."

Ladislas, aliyekuwa bado anatazama reli, anasema alilisikia akataka kupiga honi.

Siku hizi Nyanzala anapika kila siku na masufuria yanarudi yakigongana. Mwenye bajaji, maana si mali ya Ladislas, bado anadai hesabu yake ya shilingi elfu kumi na tano kwa siku, treni ije isije, na Ladislas hachukui chochote kwa wenye vibanda zaidi ya sahani yake. Sahani hiyo, mara nyingi, anaila nyuma ya turubai, uso kwenye reli. Kachumbari sasa inakatwa asubuhi. Nyumbani chumvi imerudi, ingawa Recho anasema anajua ilipo ikihitajika tena.

Anachotaka Ladislas ni kukaa kwenye benchi kama watu wengine. Inawezekana. Kwa desturi ya ukoo wa mkewe, mkwe akipeleka mbuzi jike aliyenona, wazee wakakaa, haya hiyo hufunguliwa. Mbuzi ameshamnunua. Amemfunga nyuma ya kibanda, na mpango ulikuwa anenepe kwa makombo.

"Makombo ndiyo hayapo," anasema. "Watu wanamaliza kila kitu. Mbuzi anakonda, na mama ameshatuma neno kwamba mbuzi mwenye mbavu hampokei."

Kwa hiyo kila alasiri, abiria wakiisha, Ladislas anapita bondeni kukata majani. Ukimkuta njiani na bajaji imejaa majani, usimsimamishe. Amebeba nafasi yake kwenye benchi la mkwe.