Kisomeo cha Mjomba

Kompyuta yangu ina meza yake, kiti chake na feni yake, na mimi ni mtumishi wake tu. Pale Kihonda, katika chumba cha mbele cha nyumba niliyopanga, naishi kwa kuchapa na kupanga ripoti na tasnifu za wanafunzi, kwa hiyo mashine hiyo haizimwi ila umeme ukikatika. Ndipo alipokuja mjomba wangu, kaka yake mama, mwalimu mstaafu wa Kinole, kule milimani, kutibiwa macho.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari hakuzunguka. Alimwambia dawa ya matone itapunguza mwendo wa ugonjwa tu, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi. "Mwalimu, kama kuna kitu unataka kusoma, soma sasa," alisema.  Tulipofika nyumbani akaniambia kuna riwaya moja aliyoiazimisha miaka mingi iliyopita akiwa amefika katikati, na aliyeiazima hakuirudisha. Vitabu vyake vingine vyote vilikwisha kuliwa na mchwa. Alitaka kujua mwisho wa ile riwaya kabla macho hayajafunga.

Niliipata mtandaoni jioni ile ile. Nikakuza herufi zikawa kubwa kama za ubao wa darasa la kwanza, nikamkalisha mbele ya kioo. Alifurahi, naye si mtu wa kufurahi ovyo. Lakini kusoma kitabu kwenye kompyuta ni adhabu, na anayebisha hajawahi kumtazama mzee akifanya hivyo. Alikaa wima mithili ya mtu anayehojiwa polisi. Mwanga ulimtoa machozi, akawa anasoma, anajifuta kwa ncha ya shati, anasoma tena. Hakuweza kujiegemeza, wala kwenda nacho barazani kwenye upepo. Umeme ukikatika, hadithi nayo imekatika. Tena mashine yenyewe ilikuwa ya kazi. Kila asubuhi niliketi mimi, yeye akaketi kwenye kochi nyuma yangu, mikono magotini, akingoja zamu.

"Mjomba, umemaliza?" aliniuliza. Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili.

"Bado, mjomba."

Inapita saa nzima, halafu tena: "Umemaliza?"

Nasema ukweli, nilikereka. Siku moja nilimjibu bila kugeuka, kwa sauti ambayo mama angeisikia angenizaba kofi na utu uzima wangu huu. Hakuuliza tena siku hiyo. Baada ya wiki mbili akarudi mlimani akiwa hajafika mwisho.

Aibu ndiyo iliyonisukuma kuagiza kisomeo. Jina hilo nilikipa mimi: ni kidude chembamba, chepesi kuliko daftari, kazi yake kuonyesha vitabu tu. Kioo chake hakichomi macho, juani kinasomeka vizuri kama karatasi, na chaji hukaa wiki kadhaa. Kwa mtu wa Kinole mwenye sola ya kuwasha taa mbili, hakuna kilichofaa zaidi. Rafiki yangu alikuja nacho kutoka Dubai. Nikaipakia riwaya yake, kisha nikasema ngoja nikijaribu kwanza, nisije nikampa mzee kitu kibovu. Nikakijaribu kitandani, nikakijaribu barazani, nikakijaribu chooni. Wiki tano. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila safari hii tumbo lililoumia halikuwa langu.

Hata kumpelekea sikwenda mwenyewe. Nilikifunga kwenye boksi lake pamoja na maelekezo niliyoyaandika kwa herufi kubwa, nikampa mama mmoja wa Kinole anayeleta ndizi Mwembesongo, huku mjini. Kikafika salama. Kila nilipopiga simu kuuliza, mjomba alijibu, "Kizuri sana, mjomba. Usiwe na wasiwasi nacho." Sikuuliza amefika ukurasa wa ngapi. Nilikuwa na kazi.

Miezi minane ikapita. Nilipopanda mlimani, mke wake ndiye aliyenikaribisha. Mjomba alikuwa amekaa mkekani, na niliposema shikamoo aligeuza sikio, uso ukabaki ukutani.

"Marahaba. Umekuja na mvua," alisema.

Macho yalikuwa yamefunga yote mawili. Hawakuniambia kwa sababu alikataza nisisumbuliwe kazini. Nikakaa mkekani kando yake.

Yeye akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye sanduku, akatoa furushi la khanga. Ndani ya khanga mna boksi, ndani ya boksi mna kisomeo.

"Nimekutunzia," alisema. "Hata mkwaruzo hakina."

"Kwa nini hukusoma, mjomba?"

Alinishangaa kweli kweli. Sisi Waluguru ukoo wetu unapita kwa mama, na cha mjomba, kiwe shamba au jembe, mrithi wake ni mpwa.

"Nikichakaze, halafu nikuachie nini?" alisema. "Vitabu vyangu wamekula mchwa. Nimebakiwa na hiki tu, na mwenyewe ni wewe."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia kwamba kisomeo nimekinunua mimi, na nimekinunua kichakae mikononi mwake. Lakini mjomba haambiwi hivyo, tena aliyekwisha kupofuka. Nikakichomeka kwenye pawabenki niliyokuja nayo. Kikawaka, kikafunguka pale kilipofungwa mara ya mwisho. Ulikuwa ukurasa wa mwisho wa ile riwaya. Nilikuwa nimeimaliza mimi, katika zile wiki tano.

"Inaishaje?" aliuliza, na kabla sijajibu akanyoosha mkono kunizuia. "Usinisimulie. Nisomee. Mimi niliachia pale ndugu wawili wanapogombea kisima."

Alikumbuka mpaka sentensi. Nikamsomea kurasa kumi na moja, naye akawa anatikisa kichwa pale anapomtambua mtu. Kisha bodaboda aliyenileta akapiga honi nje, maana mvua ilikuwa inakaza na mteremko ule ukilowa haushukiki. Nilitaka kukiacha kisomeo kwa mke wake, mjomba akanisukumia kifuani.

"Nenda nacho. Kwangu kitafanya nini?"

Mkono wa mjomba haurudishwi. Nikashuka nacho ndani ya koti, nikilia, na bodaboda akidhani ni mvua.

Hivyo nimemrithi mtu angali hai. Kisomeo kiko mezani Kihonda, kando ya kompyuta. Nilimsomea kwa simu Jumapili mbili, kisha ukaingia msimu wa tasnifu. Jana alipiga mwenyewe, mkewe akimbonyezea namba.

"Mjomba, umemaliza?"

"Bado, mjomba," nilisema, nikaendelea kuchapa.