Marekebisho ya Goodness

Jirani yangu wa Ilomba huandika kwa vidole viwili tu, vya shahada, na kabla ya kumtumia mtu jibu hulisoma kwanza kwa sauti, kana kwamba huyo mtu amekaa mbele yake. Ana programu yake ya kupanga zamu za maji mashambani. Ni ya bure, iko wazi mtandaoni; wakulima wa Madibira wanaitumia, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuirekebisha na kumtumia alichorekebisha. Zamani kila aliyetuma alijibiwa "asante, ndugu yangu" na maelezo marefu. Siku hizi yanamiminika marekebisho yaliyotungwa na akili mnemba, mazuri kwa macho lakini ukiyajaribu hayafanyi kazi. Huyakataa ameshika shavu, mengine hata hamalizi kuyasoma.

Asubuhi moja nilikuwa kwake simu ikaita, akaweka spika.

"Shikamoo dada. Naitwa Goodness, niko Kilolo. Ile kazi uliyokataa ukasema ni ya mashine, niliandika mwenyewe."

"Marahaba. Subiri, mdogo wangu."

Akaifungua, akaisoma mpaka mwisho, akaijaribu. Ilifanya kazi.

"Ni nzuri sana. Nisamehe. Naipokea sasa hivi, na nyingine utanitumia."

"Ipokee tu, dada. Mimi nilishaacha. Niliona siwezi, kompyuta nikampa kaka."

Simu ilipokatika aliyaingiza yale marekebisho, akaandika jina la Goodness, akakaa akilitazama mpaka chai yake ya maziwa ikafanya utando.