Geti la Bwawani

Kila Jumapili, kwenye njia ya changarawe, yule mama mwoka mikate huendesha baiskeli mwisho kabisa katika kundi la waendesha baiskeli, na wala si kwamba hana mbio, miguu anayo hasa! Anabaki nyuma kwa ajili ya mageti ya mashamba. Kila geti analigusa kwa vidole vyake vyenye unga, ananong'ona, "Tumekukuta hivi, tunakuacha hivi." Tegan, msichana wa kundi hilo, humcheka kinoma. Jumapili hii, jua kali balaa, Tegan akaomba awe yeye wa mwisho. Walipofika juu kwenye mikaratusi, mama akauliza, "Binti, geti la bwawani umeliachaje?"

"Nimelifunga vizuri! Lilikuwa wazi hovyo."

"We! Na kondoo wa watu wanywe maji wapi?"

Mama hakugomba. Aligeuza baiskeli tu, na mlima wote ule wakaurudi. Kondoo walikuwa wamejazana getini, wanahema. Mama akafungua, akawapisha mmoja mmoja, kofia mkononi: "Samahani, bibie. Na wewe pia, samahani." Tegan hakucheka. Akaligusa geti, akanong'ona, "Nilikukuta wazi."